Daftari Ndani ya Pipa la Chakula cha Kuku

Karibu na ninapoishi siku hizi kuna duka la agroveti, na kila asubuhi kijana wa duka hufungua magunia ya chakula cha kuku na kuyapanga kibarazani. Harufu inayotoka humo wapita njia huikimbia: pumba, mashudu, chokaa na omena, dagaa wa ziwani waliosagwa, vyote pamoja. Mimi husimama. Mume wangu aliwahi kuniuliza kama nina mimba, maana hajapata kuona mtu mzima akivuta pua mbele ya gunia la chakula cha kuku na kutabasamu. Ningemwambia nini, kwamba harufu ile hunishusha mabega? Kwamba kila ikinifikia nasikia tena raha ya mtoto aliyengoja msiba, badala yake akatumwa akachemshe chai?

Tulikuwa Mutuini, pembezoni mwa Nairobi, miaka ile ambayo simu ya mkono ilikuwa moja kwa boma zima, na betri yake imefungwa kwa mpira isianguke. Shule ya msingi ilikuwa imetangazwa kuwa ya bure, kwa hivyo tulibanana wanne kwa dawati, na aliyeandika kwa mkono wa kushoto alikuwa adui wa wote. Mama alikuwa mpishi kwa watu kule Kitisuru, anarudi Jumamosi. Baba alikuwa fundi wa mabomba kwenye majengo yaliyokuwa yakipanda Upper Hill. Aliondoka nikiwa usingizini na kurudi nikisinzia. Mtu wangu hasa alikuwa Shosho, mama yake Baba. Nililala chumbani kwake, nikala kwenye sufuria yake, na nilikuwa na jina lake. Kwetu Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba na hakuna mjadala. Yeye Nyambura, mimi Nyambura. Akiwa na furaha aliniita mke mwenzangu, utani wa bibi na mjukuu. Akikasirika aliliita jina letu kwa ukali mpaka nikashangaa mtu anawezaje kujigombeza hivyo.

Msimfikirie bibi mtaratibu wa kwenye vitabu vya shule. Shosho alikuwa na kuku wa mayai na ulimi wa kuwalinda. Dalali wa mayai alikuwa akisimama nje ya lango kwanza, avute pumzi, ndipo abishe hodi.

Na kulikuwa na Mwalimu Gathoni. Asubuhi alikuwa mwalimu wetu wa darasa la nne, mwenye chaki kwenye nywele. Jioni alikuwa mtu mwingine kabisa. Alizunguka boma hadi boma na daftari kubwa lenye jalada la karatasi ya kaki, akiandika habari za Mutuini. Si habari za wakubwa, la. Kisima kilikuwa wapi kabla ya bomba kufika. Nani alileta kinu cha kwanza. Shamba lipi lilikuwa la nani, kabla ya nyumba za kupangisha kuota kila mahali. Akina nani walibeba mawe ya kujengea kanisa. Watu walimcheka kidogo. Walisema Mwalimu amekosa kazi, anaandika mambo ambayo kila mtu anayajua. Lakini kila mtu huyo alikuwa akizeeka, na hilo hatukuliona.

Alikuwa na utaratibu wake. Alianza na walio wazee zaidi, akashuka. Kila mtu alipewa kurasa mbili zinazotazamana. Wa kulia aliujaza kwa yale aliyosimuliwa. Wa kushoto aliuacha mtupu. "Huo ni wa wabishi," alisema, "maana hakuna habari ya Mutuini isiyo na mbishi wake." Wala hakuweka namba popote, hata chini ya kurasa. Kwetu watu hawahesabiwi. Mwulize mama wa kizamani ana watoto wangapi, atakutajia majina hadi uchoke kusikiliza, lakini idadi hatakupa, kwa kuwa kuhesabu watu ni kualika mkosi. Mwalimu aliliheshimu hilo, akaandika majina tu.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, na miaka tisa ni umri mbaya wa kufikiri. Nilijiuliza: ikiwa kuwahesabu tu ni mkosi, kuwaandika mmoja mmoja je?

Jibu nililipata haraka. Mwalimu alienda kwa Mzee Mbugua, fundi wa mawe, akakaa naye jioni tatu. Mwezi haukuisha, tukamzika. Akaenda kwa shosho mmoja wa karibu na kinu. Huyo naye hakumaliza majira ya mvua. Halafu siku moja Mwalimu alinituma nimpelekee nyumbani madaftari ya kusahihisha, na lile la kaki lilikuwa juu kabisa. Mkono wangu ukalifungua kabla sijauruhusu. Pembeni ya jina la Mzee Mbugua palikuwa na msalaba mdogo wa wino mwekundu. Pembeni ya jina la yule shosho wa kinu, msalaba. Nilizijua alama nyekundu za Mwalimu Gathoni; daftari langu la hesabu lilijaa alama kama hizo. Anawaandika, anawapiga msalaba, wanakufa. Kila kitu kilieleweka.

Sikumwambia mtu. Nani angeniamini? Mwanamke huyohuyo ndiye aliyekuwa akihakikisha kila mtoto amepata uji.

Sasa balaa lenyewe ni kwamba Shosho alitaka kuandikwa. Alitaka mno. Jirani yetu mmoja alikuwa ametangulia kuandikwa, na Shosho hakuweza kulimeza hilo. "Yule?" alisema. "Yule mimi nimemfundisha kufunga lemba. Leo ndiye mzee wa kuandikwa?" Mwanamke ambaye hata kwa daktari wa macho alikuwa akijipunguzia miaka, ghafla akaanza kujiongezea. Kanisani alitembea pole kwa makusudi, Mwalimu amwone. Nyumbani alishika kiuno na kuguna. Nilikuwa nikimwambia, "Shosho, wewe bado kijana," naye alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

Mwalimu alikuja Alhamisi baada ya shule. Shosho alivaa lemba la Pasaka. Alichemsha nduma, akapika chai ya maziwa matupu. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango na nikafanya kila niliwezalo. Nilisema kuku wametoka. Nilisema kuna mgeni langoni. Nilikohoa mpaka Shosho akaniambia niende nikakohoe nje. Hakuna kilichosaidia. Maneno yalitoka kwake kama maji ya bomba lililopasuka: mama yake, shamba la mtoni, siku aliyoolewa, watoto wake kwa majina bila idadi. Kalamu ya Mwalimu haikusimama.

Halafu mvua ikaja, ile mvua ya Mutuini inayogeuza barabara kuwa uji mwekundu. Mwalimu alitazama nje, akatazama daftari lake. "Mama," alimwambia Shosho, "acha nikuachie hili lisiloe. Nitalipitia kesho asubuhi. Jumatatu nalipeleka mjini likapigwe chapa, na nakala nyingine hakuna." Akajifunika mfuko wa plastiki kichwani, akaenda.

Shosho aliliweka daftari mezani, chini ya redio, akanituma nikafunge banda la kuku kabla giza halijaingia. Nililifungua mara moja tu. Jina letu lilikuwa pale, NYAMBURA, kwa herufi kubwa, bila msalaba bado. Ndipo nikapatwa na hofu mpya. Jina ni moja na sisi ni wawili. Msalaba ukija, utajuaje unamtaka nani? Nikalitia chini ya sweta, nikaenda nalo hadi kwenye stoo ya kuku, nikalizamisha katika pipa la chakula hadi kiwiko. Nilifunika pipa, nikafunga banda, nikarudi kunawa mikono. Omena haiishi mkononi kwa maji baridi, lakini hakuna aliyeninusa.

Asubuhi Mwalimu alikuja, daftari hakuna. Shosho aliinua redio, akainua kitambaa cha meza, akainua hata mto wa kiti. Mimi nilidhani watagombana. Hawakugombana. Mwalimu alishika shavu lake akasema polepole, "Mama, labda nililichukua. Pengine nililichukua nikaliangusha njiani, na akili yangu haikumbuki."

"Hukulichukua," alisema Shosho. "Kitu hakijawahi kupotea nyumbani mwangu."

Lakini Mwalimu alikuwa tayari ameshajishuku. Jioni hiyo nilimwona barabarani akitembea na fimbo, akifunua majani ya napier kando ya mitaro. Jumamosi tena. Viatu vyake vilikuwa vizito kwa matope, na kila baada ya hatua chache aliinama. Mama, aliyekuwa amerudi kutoka Kitisuru, alivaa gambuti akaenda kumsaidia. Mimi nilibaki dirishani. Nilimpenda Mwalimu Gathoni, hilo nataka lieleweke. Ilikuwa ni yeye au Shosho, na Shosho ndiye niliyelala mgongoni pake kila siku. Chakula kilinishinda. Na mimi, mvivu niliyekuwa nikijificha chooni nisitumwe kwa kuku, nikajitolea kuwalisha asubuhi na jioni, nikichota pembeni pembeni ya pipa. Shosho alinitazama sana siku zile mbili. Alisema tu, "Mficha maradhi, kilio humfichua," akaendelea kuchambua maharagwe.

Jumapili baada ya kanisa Mwalimu alikuja nyumbani. Hakuwa na fimbo tena. Alikaa kwenye kiti kilekile, akakataa chai, na Mutuini mtu akikataa chai ujue kuna neno.

"Mama, nimekuja kukuomba msamaha," alisema. "Wewe uko hapa, naweza kukuuliza upya. Lakini Mbugua nitamwuliza wapi? Aliniambia jina la kila mtu aliyebeba mawe ya kanisa. Watoto wake hawayajui. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo. Tulimzika mara moja, na sasa mimi nimemzika mara ya pili." Akatoa leso, hakulia, aliishika tu.

Nilikuwa mlangoni na bakuli la mayai. Sikujua kama nitasema mpaka niliposikia sauti yangu. "Mwalimu, ukishamwandika Shosho, atakufa lini?"

Shosho aligeuka kwanza, halafu Mwalimu. Nikaona heri niseme yote. Nikasema Mzee Mbugua ulimwandika akafa. Shosho wa kinu ulimwandika akafa. Na uliwapiga misalaba kwa kalamu ile nyekundu unayonipigia mimi. Nilikuwa nalia kufikia hapo, na mayai yalikuwa yakigongana bakulini.

"Liko wapi?" aliuliza Shosho.

"Kwenye pipa la kuku."

Shosho alifunga macho. "Mama yangu mzazi," alisema. "Umenichanganya na omena."

Nilidhani Mwalimu atacheka au atanipiga. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alinivuta karibu, akaniondolea bakuli mikononi. "Nyambura, mimi huanza na walio karibu kuondoka. Ndiyo maana nawakimbilia. Hawaondoki kwa sababu nimefika. Nakimbia ili nifike kabla."

"Na misalaba?"

"Ya kunikumbusha nisiende tena kuwabishia mlango."

Nilielewa maneno. Lakini mtoto haponi hofu kwa maelezo, na nadhani Shosho alilijua hilo kuliko mwalimu yeyote. "Nenda ukalete hilo daftari," aliniambia, "unisomee. Mimi sikusoma shule, na wewe baba yako anavunja mgongo Upper Hill ili usome. Soma."

Nililileta. Vumbi la chakula lilikuwa limeingia kwenye mishono, na jalada la kaki lilikuwa na madoa ya mafuta ya samaki, lakini hakuna ukurasa ulioharibika. Mwalimu alilishika kifuani sekunde kadhaa kabla ya kunirudishia. Nikasoma ukurasa wa Mzee Mbugua, kwa Kikuyu, nikikwama na kuanza tena. Alikuwa pale mzima: kikohozi chake, majina ya wabeba mawe, siku ukuta ulipoanguka wakaanza upya. Nilipofika kuwa yeye ndiye aliyeweka jiwe la pembeni, Shosho aliinua kidole.

"Uongo. Jiwe la pembeni aliliweka mume wangu. Mbugua alishika maji tu. Andika upande wa kushoto."

Mwalimu akaandika. Shosho alikuwa amefurahi sana kupata mtu wa kubishana naye ambaye hawezi kujibu.

Kisha nikafika kwenye ukurasa wetu. Nikasimama. Jina lile lilinitazama.

"Mbona umenyamaza?" alisema Shosho. "Soma, mke mwenzangu. Nataka kusikia kama aliandika vizuri."

Nilisoma huku nikimwangalia kifua kinavyopanda na kushuka. Nilisoma mama yake. Kifua kikapanda. Nilisoma shamba la mtoni, nikasoma harusi, nikasoma watoto wote kwa majina, na baba yangu akiwa mmoja wao. Nilipofika mwisho nilifunga daftari na kumsubiri afe.

Shosho alikuna goti. "Ameandika nilikuwa msichana mwenye bidii. Mimi nilisema mrembo," alisema. "Hilo nalo liandikwe kushoto. Haya, inuka ukachemshe chai, Mwalimu ana njaa."

Sijui kama mmewahi kupewa amri mkaisikia kama wimbo. Nilienda jikoni nikalia tena, safari hii nikiwa nacheka, moshi wa kuni ukanipa kisingizio. Nilimwaga sukari kwenye sufuria bila kupima, na hakuna aliyelalamika kuhusu chai ile.

Mwalimu hakuniacha hapo. Alipomaliza kikombe cha pili alifungua kurasa mpya, akaniwekea mbele. "Sasa niandike mimi. Tuone."

Nilikataa. Nilitikisa kichwa mpaka shingo ikauma. Shosho akasema, "Mwandike, la sivyo utaogopa daftari mpaka uolewe." Basi nikakubali kwa sharti moja ambalo sikulisema: nilichukua penseli. Penseli inafutika. Mambo yakienda vibaya ningeweza kukimbia na kifutio. Nikaandika: Mwalimu Gathoni. Ana chaki kwenye nywele. Anachapa lakini si sana. Alitembea kwenye matope siku mbili na hakunichapa. Mwalimu aliyasoma hayo, akasema asante, akaenda na daftari lake.

Jumatatu nilifika shuleni nikikimbia. Tulipanga mstari, bendera ikapandishwa, na Mwalimu Gathoni hakuwapo.

Jamani. Mwalimu mwingine aliingia darasani kwetu, akasema tuandike majedwali ya kuzidisha, hakueleza kitu. Nilikaa na kifutio mkononi siku nzima, na daftari sikuwa nalo la kufuta. Nilimwua kwa penseli. Nilishafikiri nitakavyosimama mazishini, na kama wataniruhusu kuimba. Saa kumi kasorobo nilikuwa langoni wakati wenzangu wanaimba kwaheri, na huyo anakuja, kutoka kituoni, na mkoba wake mweusi na viatu vya mjini vilivyoshika udongo. Alikuwa amekwenda kupigisha chapa. Alikuwa ametuambia tangu Alhamisi, na mimi katika hofu zangu nilikuwa nimesahau kabisa.

Nilimkumbatia kiunoni mbele ya shule nzima. Aliniuliza, "Mbona?" Nikasema nimemkumbuka tu.

Baada ya wiki mbili alinichukua mjini tukachukue kazi yake. Ilikuwa chumba cha orofa ya tatu, barabara moja ya chini chini karibu na River Road, chenye kompyuta mbili na msichana mwenye kucha ndefu. "Mathee," msichana alisema, "hii kitabu yako inanuka samaki. Nimepiga chafya wiki mbili." Mwalimu alinitazama, akamwambia limekaa baharini kidogo. Kisha mashine ya kunakili ikaanza kutoa kurasa, zikiwa moto kama chapati, nikazipokea kwa mikono miwili. Nakala moja, ya pili, ya tatu. Mzee Mbugua na mbishi wake upande wa kushoto. Nilifikiri: hata kuku wakila moja, zinabaki mbili. Sijapata tena kutembea katikati ya Nairobi nikiwa mwepesi kama siku ile.

Shosho aliishi. Aliishi mpaka nikamaliza sekondari, mpaka nikaolewa, mpaka akamshika binti yangu na kulalamika kwamba ni mwembamba. Alipoondoka, alikuwa amechoka na kutosheka, na Mwalimu alisimama kaburini akasoma ukurasa wetu, wa kulia na wa kushoto. Alipofika kwenye neno mrembo watu walicheka na machozi machoni. Nilitazama msalaba mwekundu pembeni ya jina langu, wino ukiwa bado mpya, na sikuogopa.

Mwezi uliopita nilienda kumwona Mwalimu Gathoni. Hasikii vizuri siku hizi, na ng'ombe wake anakatiwa majani na mtu mwingine, lakini bado anajua shamba lipi lilikuwa la nani. Daftari la kaki analiweka kwenye kabati la vikombe. Nililileta mezani, nikalifungua mwishoni, pale penye mwandiko wangu wa miaka tisa. Umefifia, karibu usomeke kwa kukisia. Nikatoa kalamu ya wino mkobani, nikamwambia kwa sauti kubwa, "Mwalimu, acha nipitishe wino juu yake. Usifutike."

Alishika mkono wangu. "Acha hiyo penseli, Nyambura," alisema. "Imenifikisha hapa."

Nikairudisha kalamu mkobani, nikaenda kuchemsha chai.